Margarini: watu wanaogopa namba za E, lakini hatari kubwa haikuwa na namba

Ku soko ya Kadutu pale Bukavu, ao ku soko ya Virunga pale Goma, margarini inauzwa kwa namna mbili. Mwenye kuwa na franka za kutosha ananunua kopo lililofungwa. Mwengine ananunua kwa kadogo: mama muuzaji anachota na kijiko ndani ya ndoo kubwa, anatia mu sashe ndogo, anafunga, basi. Watu wengi wanaita yote "Blueband", hata kama kampuni iliyoitengeneza ni nyingine kabisa. Asubuhi inapakwa ku mkate wa watoto wanaoenda masomo, na jioni inaingia mu wali ao mu keki ya sikukuu.

Pamoja na margarini kunatembea maneno mingi. Eti ni plastiki. Eti hata nzi hatui juu yake. Eti zile namba zinazoanza na E ku kopo zinaleta kansa. Maneno hayo yanapita mu simu, mtu anatumia mwengine, na wazazi wengine wameacha kununua margarini kwa ajili yake. Wengine wanasema babu zetu walikula na hawakukufa, kwa hiyo hakuna shida.

Pande zote mbili zinakosa kidogo. Ni kweli margarini imeshaumiza watu, na hiyo haiko hadisi: miaka inajulikana, inchi zinajulikana. Mara mbili kosa lilikuwa la dawa iliyoongezwa ndani. Lakini kosa lililoumiza watu wengi kuliko yote halikuwa la dawa yoyote ya kuongeza. Lilikuwa la mafuta yenyewe, ginsi yalivyotengenezwa, na halikuwa na namba ya E hata moja. Mwenye kutafuta hatari mu namba za E peke yake anaweza kuipita.

Margarini ni kitu gani

Margarini ni mafuta yaliyochanganywa na maji kidogo mpaka yakashikana. Kanuni za kimataifa za chakula, zile zinazoitwa Codex Alimentarius, zinadai margarini iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 80. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji, kisha chumvi, rangi, vitamini na vitu vya kushikanisha ao kulinda. Ile yenye mafuta chini ya 80 haina haki ya kuitwa margarini tu hivi, ku kopo yake wanaandika majina mengine, kama vile mafuta ya kupaka. Ndiyo maana margarini nyepesi inaruka na kulia mu sufuria: maji yake ni mingi.

Ilianzia Ufaransa. Mfalme Napoleon III alitaka kitu cha bei ndogo cha kuchukua nafasi ya siagi, kwa ajili ya wanamaji wake na watu maskini. Mwaka wa 1869 mtaalamu wa kemia Hippolyte Mège-Mouriès alikitengeneza kwa mafuta ya ng'ombe na maziwa. Jina lilitoka ku neno la Kigiriki lenye maana ya lulu, sababu mafuta yale yalikuwa yanang'aa. Kwa hiyo ile hadisi kwamba margarini ilibuniwa ili kunenepesha kuku wa bata-mzinga, ikawaua, kisha ndipo wakaipa watu, ni ya uongo mtupu. Ilikuwa chakula cha watu tangu siku ya kwanza, chakula cha watu wasiokuwa na franka.

Kongo yetu imo mu historia hii kuliko wengi wanavyojua. Mwaka wa 1911 serkali ya Ubelgiji ilipatana na tajiri Muingereza William Lever, mtengeneza sabuni, ikamfungulia maeneo matano makubwa ya michikichi, kila moja likiwa na duara la kilomita 60 kutoka kati mpaka ukingoni. Moja lilikuwa Leverville, pale panapoitwa leo Lusanga, mu Kwilu. Mawese yalichumwa kwa kazi ya kulazimishwa, na mateso ya mambo hayo ni mojawapo ya sababu za uasi wa Wapende mwaka wa 1931. Kampuni ya Lever iliungana na watengeneza margarini wa Uholanzi, na kutoka 1930 ikafanya kazi kwa jina la Unilever. Matunda yaliyochumwa na Mukongo yalikwenda mbali, na mtoto wa Mukongo leo anarudishiwa mafuta ya namna hiyo ndani ya kopo yenye picha nzuri.

Maneno ya plastiki

Wanaosema margarini imebakiza "molekuli moja" tu ili iwe plastiki wanatumia neno la kisayansi bila kulipima. Vitu vingi vinafanana mu kemia na havifanani mu maisha. Maji ya kunywa na ile oksijine ya maji ambayo wauguzi wanaosha nayo vidonda vinatofautiana kwa atomu moja tu ya oksijeni. Hakuna mtu anayekunywa ya pili kwa sababu inakaribia ya kwanza. Plastiki ya sashe ni mnyororo mrefu sana wa kaboni, na tumbo haliwezi kuivunja. Margarini ni mafuta, inayeyuka mu kinywa, na tumbo linaivunja sawa na mafuta ya karanga.

Na nzi? Nzi ao ukungu wanafuata maji na chakula kingine kama sukari na nyama. Ndani ya margarini maji yamefungwa mu matone madogo-madogo sana katikati ya mafuta, na hakuna mingi ya kuvutia mdudu. Hiyo haionyeshi sumu. Tena si kweli kwamba haiozi: ukiacha kopo wazi kwa muda ku joto, itachacha, itanuka, na mwishoni itaota ukungu.

Zile namba za E

Namba ya E ni namba ya kitambulisho tu. Ulaya waliiweka kwa kila kitu kinachoongezwa ku chakula baada ya kukikagua, na Codex inatumia hesabu ileile bila herufi E. Kuwa na namba hakumaanishi sumu, wala hakumaanishi dawa nzuri. E300 ni vitamini C. E330 ni asidi inayofanya limau liwe kali. Hata oksijeni tunayovuta ina namba yake, E948.

Ku kopo ya margarini mtu atakuta mara nyingi vitu vya kazi nne. Kwanza ni vya kushikanisha maji na mafuta, maana vyenyewe haviko marafiki: E322, inayoitwa lesitini, mara nyingi inatoka ku soya ao alizeti, na E471, inayotengenezwa kwa mafuta yenyewe. Pili ni vya kuzuia ukungu, zaidi sana E202, ambayo ni chumvi ya asidi ya sorbiki. Tatu ni vya kuzuia mafuta yasichache: E319, E320 na E321, pamoja na E385. Nne ni rangi, sababu margarini bila rangi ni nyeupe kama mafuta ya nguruwe. Rangi inayotumiwa sana ni E160a, beta-karotini. Hiyo ndiyo ile ile inayofanya karoti ziwe nyekundu na mawese yetu yawe mekundu. Mama anayekataa kopo kwa ajili ya E160a, kisha anapika sombe na mawese, anakula E160a mingi zaidi, na inamsaidia, sababu mwili unaigeuza kuwa vitamini A.

Neno moja kwa ndugu zetu Waislamu, wa Kasongo na kwengineko: E471 inaweza kutoka ku mawese, inaweza vilevile kutoka ku mafuta ya mnyama, na namba yenyewe haisemi ni ipi. Lazima kopo iandike "d'origine végétale" ao iwe na alama ya halali. Hii ni swali ya imani, haiko ya sumu, lakini ni haki ya mnunuzi kujua.

Mara mbili dawa iliumiza watu kweli

Zamani rangi ya siagi na margarini haikuwa ya karoti. Kulikuwa na rangi ya kiwandani iliyoitwa "njano ya siagi". Katika miaka ya 1930 wachunguzi wa Japani waliwapa panya rangi hiyo, na panya wakapata kansa ya maini. Rangi ilikatazwa inchi baada ya inchi. Kwa hiyo mtu anayeuliza rangi ya chakula inatoka wapi haulizi ujinga.

Jambo la pili lilitokea Uholanzi mwaka wa 1960, na linastahili kuelezwa vizuri. Mu mwezi wa nane watu walianza kujazwa na madoa mekundu ku ngozi, kujikuna na homa. Waganga walifikiri ni ugonjwa wa kuambukiza. Watu waliendelea kuugua, mpaka wapatao 100,000. Kisha ikaonekana kwamba wagonjwa walikuwa na kitu kimoja nyumbani: margarini ya alama ya Planta. Kiwanda kilikuwa kimeongeza ndani kitu kipya cha kushikanisha, kinachoitwa ME-18, kazi yake ikiwa tu kuzuia margarini isiruke mu sufuria wakati wa kukaanga. Margarini iliondolewa madukani na ugonjwa ukaisha. Uchungu zaidi ni kwamba mu Ujerumani ya Magharibi, miaka miwili mbele, mwaka wa 1958, ugonjwa wa namna hiyo ulikuwa umeshatokea, na dawa ilikuwa ya namna ileile. Hata leo Waholanzi wanauita ugonjwa wa Planta.

Watu wote wale waliugua ili sufuria isilie. Baada ya mambo kama haya inchi nyingi ziliweka sheria: kitu kipya kinachunguzwa kwanza, kisha ndipo kinaingia mu chakula. FAO na Shirika la Afya Duniani (OMS) yana kamati ya wataalamu, JECFA, inayofanya kazi hiyo tangu 1956. Kwa kila kitu wanatoa kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila shida, wakihesabu kwa kilo za mwili.

Hiyo haimaanishi mjadala umefungwa. E320, inayoitwa BHA, kituo cha OMS cha uchunguzi wa kansa (CIRC) kiliiweka mu kundi la vitu ambavyo "pengine" vinaweza kuleta kansa kwa binadamu. Sababu ni panya waliopewa kiasi kikubwa wakapata uvimbe mu tumbo la mbele, tumbo ambalo binadamu hana. Mtu anayetaka kuepuka hatafanya kosa, zipo margarini mingi bila E320. Na mwaka wa 2023 wachunguzi wa Ufaransa waliofuata watu wazima zaidi ya 95,000 walitangaza kwamba waliokula zaidi E471 na ndugu zake E472 walikuwa wakipata zaidi kidogo magonjwa ya moyo. Uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, hauonyeshi kwamba kimoja kinazaa kingine: anayekula E471 mingi ni yule anayekula bisikwi, keki na vyakula vya kiwandani kila siku. Ni alama ya kufuata, haiko hukumu.

Hatari isiyokuwa na namba

Tuje sasa ku jambo lenyewe. Mafuta ya mimea mengi ni maji-maji: alizeti, soya, pamba, karanga. Ukitaka yawe magumu ili ukate na kisu, lazima uyabadilishe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipatikana njia. Mjerumani Wilhelm Normann alipata hati ya ubunifu mwaka wa 1902: unayapasha mafuta moto, unaingiza gesi ya hidrojeni ndani yake, pamoja na unga wa madini ya nikeli, na mafuta yanakuwa magumu. Bei ikashuka, mafuta yakakaa miezi mingi bila kuchacha. Viwanda vyote vikafuata.

Shida iko hapa. Kama kazi hiyo inasimamishwa katikati, ili mafuta yawe laini ya kupaka, sehemu ya mafuta inabaki na umbo lililopinduka. Hayo ndiyo mafuta ya trans. Kwa macho huwezi kuyajua, kwa ulimi pia hapana. Lakini mwili unayatambua vibaya.

Kwa miaka mingi waganga wenyewe waliwaambia wagonjwa wa moyo waache siagi wale margarini, maana siagi ina mafuta mengi magumu ya mnyama. Mwaka wa 1990 Waholanzi wawili, Ronald Mensink na Martijn Katan, walionyesha kwamba mafuta ya trans yanapandisha kolesteroli mbaya (LDL) na papo hapo yanashusha ile nzuri (HDL). Mafuta magumu ya kawaida yanapandisha mbaya, lakini hayashushi nzuri. Miaka mitatu baadaye, uchunguzi wa wauguzi wanawake wapatao 85,000 wa Marekani, ulioongozwa na Walter Willett na wenzake, ulionyesha waliokula trans zaidi walipata magonjwa ya moyo zaidi. Mwaka wa 2006 wachunguzi walijumlisha kazi mbalimbali: mtu anayepata asilimia 2 ya nguvu ya chakula chake kutoka ku trans, hatari yake ya ugonjwa wa moyo inapanda kama asilimia 23. Ni vigumu kupata kitu kingine mu sahani ambacho kidogo hivyo kinaleta madhara makubwa hivyo.

Hesabu ya mu nyumba inasaidia kuelewa. OMS inasema trans zisipite asilimia 1 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 2.2. Kijiko kikubwa cha margarini ni kama gramu 14, ndani yake mafuta gramu 11. Kama moja kwa tano ya mafuta hayo ni trans, kama ilivyokuwa mu margarini ngumu za zamani, kijiko kimoja kimemaliza siku nzima. Mkate wa pili wa asubuhi umeshapita mpaka.

Na mafuta ya trans hayakuwa na namba ya E, sababu sheria haikuyahesabu kama kitu cha kuongeza. Yalikuwa "mafuta ya mimea" tu, maneno mazuri ku kopo.

Denmark ilikuwa ya kwanza kuweka mpaka, mwaka wa 2003: gramu 2 za trans kwa gramu 100 za mafuta, zisipite. Mu bara letu Afrika ya Kusini ilifuata kwa sheria ya 2011. Marekani iliondoa mafuta yenye hidrojeni nusu mu orodha ya vitu vinavyohesabiwa salama mwaka wa 2015, ikawapa viwanda miaka mitatu. Mwaka wa 2018 OMS iliomba inchi zote ziyatoe, ikisema yanachangia vifo zaidi ya 500,000 kwa mwaka duniani. Umoja wa Ulaya uliweka mpaka wake kuanzia mwezi wa nne 2021. Mwanzoni mwa 2024 OMS ilitoa vyeti vya kwanza kwa inchi zilizomaliza kazi hiyo: Denmark, Lithuania, Poland, Saudi Arabia na Thailand.

Kwa mnunuzi wa Kongo maana yake ni hii: margarini iliyotengenezwa leo kwa ajili ya inchi yenye sheria sio ile ya mwaka wa 1990. Lakini bidhaa zinazovuka mipaka yetu zinatoka sehemu nyingi, na sio zote zina sheria moja. Ndiyo sababu kusoma kopo kunabaki kazi ya anayekula.

Kilichochukua nafasi, na mawese yetu

Viwanda vingi viliacha hidrojeni nusu vikageukia mawese, maana mawese ni magumu kidogo kwa asili, hayahitaji hidrojeni. Trans zikapungua. Lakini karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta magumu, yale ambayo OMS inataka yasipite asilimia 10 ya nguvu ya chakula. Kwa hiyo margarini bila trans ni afadhali sana kuliko ile ya zamani, lakini haijageuka dawa ya moyo. Siagi ya ng'ombe nayo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta magumu, na ina trans kidogo za asili. Margarini laini ya ndani ya kopo, yenye alizeti ao soya nyingi, ndiyo inayopungukiwa na mafuta magumu. Ile ngumu ya karatasi ao ya ndoo ya wapika mikate, mara nyingi ndiyo yenye mengi.

Kuna jambo lingine ambalo kopo haiandiki. Mawese yakisafishwa kiwandani ku moto unaopita digri 200 ili yapoteze rangi na harufu, yanazaa uchafu fulani wa kemia. Mmoja wao, glisidoli, ni wa kuogopwa kwa upande wa kansa. Wakaguzi wa chakula wa Ulaya walitoa onyo mwaka wa 2016, na mpaka ukawekwa mwaka wa 2018. Mawese mekundu ya kijijini hayapitii moto wa namna hiyo. Ni neno linalowahusu wamama wanaounguza mawese mu sufuria mpaka yawe meupe, moshi ukijaa nyumba: wanachoma vitamini A na kuharibu mafuta kwa wakati mmoja. Ukiyapasha kiasi tu inatosha.

Vitamini A nayo ina hadisi yake ya kweli. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Denmark iliuza siagi yake inje na watoto wa maskini wakabaki na margarini na maziwa yaliyotolewa mafuta. Munganga Carl Bloch aliona watoto wakiharibika macho, wengine wakipofuka. Margarini ya wakati ule haikuwa na vitamini A hata kidogo. Siagi ilipobaki mu inchi na kugawanywa kwa wote, ugonjwa ukapungua. Uingereza ililazimisha viwanda kuongeza vitamini A na D mu margarini mwaka wa 1940. Kwa hiyo mu orodha ya vilivyoongezwa, vile ambavyo watu wanaviogopa vyote pamoja, viko pia vilivyowekwa ili mtoto asipofuke.

Ku soko, cha kuangalia

Ku kopo, maneno ya kutafuta ni ya Kifaransa: "partiellement hydrogénée". Ukiyaona, acha hiyo kopo. Kama imeandikwa "hydrogénée" tu bila maelezo, hesabu ni vilevile. "Totalement hydrogénée" ni kitu tofauti: hidrojeni ilijazwa mpaka mwisho, trans karibu hazipo, imebaki mafuta magumu. Kopo za Kiingereza zinazopitia Uganda ao Rwanda zinaandika "partially hydrogenated", maana ni ileile. Na "0 trans" isikufunge macho: kwa sheria ya Marekani kampuni inaweza kuandika sifuri kama kijiko kimoja kina chini ya nusu gramu. Vijiko vinne vya sifuri hiyo vinaweza kukaribia gramu 2.

Kwa kadogo mambo ni magumu zaidi, na wanaonunua kwa kadogo ndio wengi. Sashe haina maandishi. Lakini ndoo inayo. Mnunuzi anaweza kumuomba mama muuzaji amuonyeshe ubavu wa ndoo, asome orodha na tarehe ya mwisho. Kama ndoo imefutika, ao inajazwa tena kutoka kwengine, ao imekaa ku jua mpaka mafuta yametengana na maji, hapo hakuna namba ya E ya kulaumu, ni bidhaa isiyojulikana. Serkali ina ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa, OCC, na mlango wake unafaa kupigwa hodi kwa jambo la ndoo bila maandishi kuliko kwa maneno ya plastiki.

Tena kopo ya nyumbani sio mahali pekee. Mafuta magumu yanaingia mu bisikwi, keki na mikate laini ya kununua, na huko hakuna anayeuliza. Anayepaka kidogo ku mkate na kula paketi mbili za bisikwi anaweza kupata trans zaidi kutoka ku bisikwi. Orodha ya paketi inasomwa kwa njia ileile. Na wanaokaanga mandazi wasitumie margarini kama mafuta ya kukaangia: maji yake yanaruka na kuunguza mikono, na mafuta yake yanaungua haraka. Mafuta ya mimea yanatosha, na yakishakuwa meusi na kutoa povu, yamwagwe, yasiongezewe mengine juu.